Kimedali Ndani ya Bitana

Taytay, 5 Februari 2017

Mwanangu Glaiza,

Kwa niaba ya nyumba hii, ya majirani wa pande zote mbili, na ya wateja watatu walioshuhudia tukio, ninakutangazia rasmi kwamba feni ya sebuleni imeacha kugeuza shingo. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Haikuugua. Iligeuka kushoto kama kawaida yake, ikamtazama Nards, ikabaki hapo hapo. Tangu siku hiyo Nards anapata upepo na sisi wengine tunapata joto. Nimemwambia asogeze cherehani yake. Kwa miaka kumi na tisa ameketi pale pale akinisaidia kushona magauni, na anasema hawezi kuhama kwa sababu ya feni iliyompenda.

Baada ya tangazo hilo, hujambo mwanangu? Mungu akubariki. Magoti yanasemaje? Na ile nyonga ya kushoto? Sisi hapa wazima, ila macho yangu yameanza kudai taa mbili pale ilipotosha moja. Mei inakuja na maandamano yake ya kanisa, mabinti wakivalishwa kama malkia, tuna magauni kumi na moja, na kila mama anataka binti yake ametamete mpaka aonekane kutoka mlimani Antipolo. Nawaambia shanga ni uzito, mtoto ana miaka tisa, njia ni ndefu. Wananijibu, "Bi Petra, wewe shona tu. Kutembea tutamfundisha."

Vipimo vyako nimevipata. Kiuno kimepungua inchi moja. Siulizi kwa nini, naandika tu kwamba nimeona.

Na tafadhali endelea kuniandikia kwenye karatasi. Ukituma kwa simu, simu anaishika Nards, anasoma kwa sauti mbele ya wateja, na anaongeza maneno yake. Mwezi jana kwa mujibu wake ulikuwa umechumbiwa.

Huyo Kornél, mwenzako wa kuteleza barafuni, bado anakurusha hewani? Mwambie nina mtoto mmoja tu.

Mama yako


Budapest, 26 Februari 2017

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, naweka mkono wako kwenye paji la uso wangu, ingawa kwa mbali. Poleni na feni. Mpe Nards hongera zangu, na mwambie uchumba umevunjika.

Mimi mzima, kama uzima ni kuamka. Barafu yetu ni saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu saa mbili wanaingia wachezaji wa magongo, nao hawabishi hodi. Nyonga inauma nikipanda ngazi, haiumi nikirushwa, kwa hiyo nimemshauri Kornél awe ananirusha mpaka ghorofa ya nne. Hakucheka. Miaka mitano nateleza na mtu huyu na nimemsikia akicheka mara mbili, zote kwenye mazishi.

Habari kubwa ni kwamba tumekuwa mabingwa wa taifa kwa mara ya tatu. Timu zilikuwa mbili. Wale wenzetu binti alikuwa na mafua.

Sasa sikiliza, Mama, nikueleze mambo yalivyo ili usiyapate kwa Nards. Mwishoni mwa Septemba kuna mashindano ya mwisho ya kufuzu kwa Olimpiki. Nafasi zimebaki nne. Tukipata moja, chama cha huku kitapeleka ombi langu la uraia serikalini, kwa sababu bila pasipoti yao siwezi kuwatelezea kwenye Olimpiki. Tusipopata, hakuna atakayejisumbua, na kibali changu cha kukaa kinaisha Juni mwaka unaofuata. Ndiyo hivyo. Nina miaka ishirini na sita. Katika mchezo huu mimi ni bibi, na hakuna kijana mwingine atakayenitafuta nikateleze naye.

Kwa hiyo gauni. Tafadhali, tafadhali, kisiwepo kitu kinachoning'inia. Kitu chochote cha nguo kikidondoka barafuni, hata unyoya, tunakatwa pointi nzima. Shanga zitiwe gundi kwanza, kisha zishonwe. Na vimedali vya Bikira Maria hakuna, Mama. Nakujua. Fulana zangu zote za utotoni zilikuwa na pini na Bikira.

Kocha wetu Bi Márta anakusalimu. Anasema mshono wako ndio kitu pekee kwenye timu hii kisichomtia wasiwasi.

Mwanao,
Glaiza


Taytay, 11 Juni 2017

Mwanangu Glaiza,

Mungu akubariki. Natumaini barua hii na boksi lake vimekufikia vikiwa pamoja, na kwamba hujambo. Sisi tumo. Mei imepita, magauni yote kumi na moja yametembea, mawili yamekaa chini njiani.

Gauni lako ndilo hilo. Bluu ya anga nimeipata soko la Divisoria, baada ya kubishana na Mchina mmoja mpaka tukawa kama ndugu. Shanga ni mia tatu na arobaini, kila moja ina gundi na mafundo mawili. Nimelikung'uta dirishani kama mkeka. Kisha Nards akalivaa.

Usishtuke, alilivaa mkononi. Alizungusha mkono mpaka akaona kizunguzungu, akaketi.

"Imara," akasema. "Hata kimbunga kitalivua zima zima."

"Wewe unajua nini kuhusu kimbunga?"

"Bi Petra, mimi nimewahi kucheza ngoma na mume wa jirani yetu Lourdes."

Watu bado wananiuliza ulijifunzia wapi kuteleza kwenye nchi ambayo barafu yake huwekwa kwenye juisi. Nawaambia ukweli. Nilikuwa napeleka magauni kwenye duka la maharusi ghorofa ya tatu, mtoto alikuwa anasikia joto, na pale chini palikuwa na uwanja wa barafu wenye baridi. Yule mlinzi alituingiza kabla maduka hayajafunguliwa kwa sababu nilimpunguzia suruali. Bingwa wa taifa mara tatu, ameanzia kwenye pindo la suruali ya mlinzi.

Vimedali hakuna, kama ulivyoagiza.

Kula. Kiuno nimekiachia nusu inchi kwa makusudi.

Mama yako


Budapest, 3 Oktoba 2017

Mama yangu mpenzi,

Naweka mkono wako kwenye paji la uso wangu. Natumaini hamjambo nyote.

Hatukufuzu. Tumekuwa wa tano. Tofauti yetu na wa nne ni sehemu arobaini na tatu kati ya mia za pointi moja, yaani hata nusu pointi haifiki. Tulikuwa wazito siku ile, mimi hasa. Miguu haikuwa yangu.

Gauni lilipendeza, watu wengi waliniuliza nani kashona.

Nimechoka, nitaandika siku nyingine.

Mwanao,
Glaiza


Taytay, 22 Oktoba 2017

Mwanangu,

Mungu akubariki. Sijui kama u mzima, kwa sababu hilo hukuliandika. Mimi ni mzima kwa kiasi ninachostahili.

Nards aliitafuta video. Tuliitazama pamoja, mara ya kwanza nikiwa nimefumba macho kila ukirushwa, mara ya pili nikiwa nimefumbua. Hukuwa mzito. Mimi si mtaalamu, nimejifundisha kwa kutazama, lakini miaka ishirini ya kutazama ni shule. Hukuanguka hata mara moja. Kornél alikupandisha juu kama anayetundika nguo ya Kwaresima, taratibu na kwa heshima.

Dakika ya tatu, Nards akasimamisha picha.

"Hiki nini?"

"Kipi?"

"Hiki hapa. Kimemeta, kimedondoka, kimelala."

"Ni taa tu hiyo."

"Bi Petra, taa hailali."

Mwishoni, mlipoketi kwenye benchi kusubiri alama, ubao ulionyesha makato: moja. Nards aliniuliza moja ya nini. Nikamwambia akapime suruali za wateja.

Glaiza, nilikushonea. Kimedali cha Bikira wa Antipolo, yule wa Safari Njema, kidogo kama ukucha wa mtoto. Nilikitia kati ya kitambaa na bitana, upande wa nyonga inayouma, nikakizungushia mafundo saba. Niliandika kwamba hakuna. Nilidanganya, tena kwa mwandiko mzuri.

Nilidhani bitana itakishika. Magauni ya malkia yanatembea, mwanangu. Tangu nianze kazi hii nashona nguo zinazotembea. Sikufikiri kwamba mtu akizungushwa kwa kasi ile, uzi nao unachoka.

Pointi moja mliyokatwa ingewapa nafasi na ikabaki. Nimepiga hesabu hiyo kwenye karatasi ya kukatia mitindo, kwa penseli, kisha kwa kalamu.

Niandikie hata kama ni kunitukana. Matusi ya mtoto wangu nitayasoma mwenyewe, simpi Nards.

Mama yako


Taytay, 17 Desemba 2017

Mwanangu Glaiza,

Mungu akubariki. Krismasi njema ya mapema. Nimekutumia maembe makavu na soksi mbili. Soksi ni za dukani, hakuna mkono wangu.

Sijapata barua. Pengine posta.

Mama yako


Budapest, 18 Februari 2018

Mama yangu mpenzi,

Naweka mkono wako kwenye paji la uso wangu. Nisamehe kimya changu. Barua zako zote mbili zilifika. Soksi nimezivaa.

Mimi mzima. Nafundisha watoto wa miaka mitano kuteleza, saa nne kila asubuhi. Somo la kwanza ni namna ya kuanguka, na nimekuwa mwalimu mzuri. Wiki hii Olimpiki inaonyeshwa kwenye runinga ya mgahawa wa uwanja. Mhudumu ananionea huruma, nikiingia anabadilisha anaweka vipindi vya mapishi. Nimejifunza kupika samaki wa mtoni kwa njia tatu.

Kwa kuwa uliniambia ukweli, nami nikuambie wangu. Nilijua siku ile ile. Tulipotoka barafuni, mama anayezoa maua yanayorushwa na watazamaji alikuja akaniwekea kitu mkononi, akafikiri ni hereni. Kilikuwa bado na uzi wako, ule wa bluu. Nikaketi nacho kwenye benchi. Ubao ukaonyesha pointi moja imekatwa. Bi Márta akatazama kiganja changu, akasema, "Kitu kikidondoka, pointi moja," akainuka akaenda zake.

Kornél naye akatazama.

"Ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Wangu alinifungia soseji," akasema. Ndiyo maneno yote tuliyozungumza siku hiyo.

Ameacha kuteleza. Anaendesha lori la shemeji yake, anapeleka vigae Austria. Chama kiliniarifu Novemba kwamba hakitapeleka ombi langu la uraia, kwa barua ya mistari mitatu, mmojawapo ukiwa wa kunishukuru. Kibali changu kinaisha tarehe thelathini Juni.

Najua unajiuliza kama nimekasirika. Nilitaka kukasirika, Mama. Nilikaa miezi nikijaribu. Lakini mtu akichoka sana hasira haipati pa kukaa, inasimama mlangoni kama mgeni, halafu inaondoka. Nilikuandikia barua nne za hasira, zote niliishia kukueleza habari za nyonga, nikazichana.

Ila usinishonee tena. Nakuomba hilo tu. Nikivaa kitu chako sasa, nitakipapasa kila mshono kabla ya kufunga zipu, na sitaki kukupapasa hivyo wewe.

Mwanao,
Glaiza


Taytay, 8 Aprili 2018

Mwanangu Glaiza,

Mungu akubariki. Barua yako nimeisoma peke yangu, jikoni, nikawaambia watu nakata vitunguu.

Tuko wazima. Nimekuelewa, na sitakushonea. Hata wengine siwashonei ule mtindo wa zamani. Mwezi huu akina mama wa Mei wamekuja na picha zao nikawaambia nashona sare za shule tu. Nguo ya bluu, kola nyeupe, vifungo vinne. Mmoja akaniuliza, "Bi Petra, unaumwa?" Nards akamjibu, "Ameokoka." Sasa magauni yote anayashona yeye, na shanga anazishona kwa fundo moja. Nasikia sauti ya sindano yake, najua ni fundo moja, namwachia.

Alhamisi Kuu nilipanda Antipolo, kwa yule Bikira, kwa miguu. Najua wengi hupanda, lakini mimi nilivua viatu kuanzia kwenye kona ya soko. Nards alinifuata na baiskeli ya matairi matatu, amekodi kabisa, akiwa amebeba viatu vyangu kwenye mfuko.

"Bi Petra, panda, lami inaunguza."

"Najua inaunguza. Ndiyo maana nimevua."

"Umekosa nini hasa? Umemwekea mtoto Bikira. Waliokosa ni hao waliotunga sheria ya kumkata pointi mtu aliyebebwa na Bikira."

"Niliambiwa nisiweke."

"Na nani?"

"Na mwenye kuteleza."

Akaupachika mfuko wa viatu vyangu begani. Kisha akasema, "Basi tembea."

Nilifika. Nilipiga magoti mbele ya yule niliyemtuma akafanye kazi isiyo yake. Sikumwomba kitu. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, lakini miguu ilikuwa inaungua nikasahau yote, nikamwambia tu, samahani kwa usumbufu. Nilirudi na malengelenge matano. Sasa nashona kwa mguu wa kulia tu, kanyagio linalalamika.

Nards anasema nikuulize utafanya nini Juni. Mimi sikuulizi. Chumba chako kipo, nimeondoa vitambaa kitandani. Ukija, njoo. Ukipata njia ya kubaki huko, baki, nitajua ni miguu yako imekuambia. Nilikuleta kwenye barafu kwa sababu ulikuwa unasikia joto. Sikukuleta ili uwe mtu fulani. Sijui kama niliwahi kukuambia, na kama sikukuambia, makosa yangu yanazidi kuongezeka.

Mama yako


Budapest, 3 Juni 2018

Mama yangu mpenzi,

Naweka mkono wako kwenye paji la uso wangu. Malengelenge yamepona? Usikanyage cherehani mpaka yapone, mpe Nards hizo sare.

Narudi. Ndege ni tarehe ishirini na saba, natua alasiri, usije uwanjani, njia imejaa magari, nitapanda teksi. Nimeuza kitanda kwa msichana wa Ukraine, ana miaka kumi na saba, Bi Márta anamtafutia kijana wa kuteleza naye. Ana uzito wa manyoya. Nilitaka kumwambia kitu cha busara, nikamwonyesha namna ya kuwasha jiko.

Kazi nimepata. Ni uwanja ule ule wa ghorofa ya chini, madukani, tulikoingizwa na mlinzi. Wanataka mwalimu wa watoto. Meneja aliniandikia barua ya heshima sana, ananiita bingwa kila baada ya mstari, kisha anaeleza kwamba Desemba nitavaa kama malaika na kuwapungia mkono wateja. Nimekubali. Nimewahi kuvaa vibaya zaidi.

Ila kabla ya mkataba aliomba karatasi rasmi za alama zangu, mashindano yote ya miaka mitatu ya mwisho, za kuweka kwenye faili. Zile karatasi zimebandikwa mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzifungua. Nyingine nilikuwa nazo. Ya Septemba sikuwahi kuifungua. Wewe utanielewa, ulikuwa unafumba macho nikirushwa.

Juzi nikaenda duka la kuchapisha karibu na stesheni, nikaitoa. Majina yetu yako ya tano. Chini ya kila timu kuna mstari wa makato, na mbele ya makato wanaandika sababu. Nikausoma nimesimama. Yule kijana wa dukani akaniuliza kama nataka rangi au nyeusi. Nikausoma tena.

Nikampigia simu Bi Márta.

"Ulijua?"

"Kujua nini?"

"Sababu ya ile pointi."

Nikasikia maji yakichemka upande wake.

"Tulipewa karatasi jioni ile ile," akasema. "Nilidhani umeisoma. Kila mtu huisoma."

"Sikuisoma."

"Na Kornél?"

"Kornél alikuwa anakula soseji."

Mama, mwamuzi hakukiona kimedali. Hakuna neno hata moja juu ya nguo. Tunaruhusiwa dakika nne na nusu, na sekunde kumi za huruma. Muziki wetu ulizidi hata hizo kumi kwa sekunde mbili.

Mwanao,
Glaiza